Hell's Gate kwa baiskeli: Gurudumu kubwa lina mwenyewe

SAA mbili asubuhi, Jumamosi, matatu iliyotoka mjini Naivasha ilisimama kwenye njia panda ya kwenda lango la Elsa, kando ya barabara ya Moi South Lake. Wakashuka watu wanne: baba, mama, binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 11. Ng'ambo ya barabara baiskeli zilikuwa zimepangwa mstari kama askari wa gwaride, nyingine zikidondoka maji kwa kuwa ndiyo kwanza zimeoshwa.

Safari hii ilikuwa na sababu. Baba alikuwa ameahidi kwamba mvulana akifanya vizuri mwaka huo shuleni atanunuliwa baiskeli. Mtoto alitimiza upande wake. Pesa zilikuwa zimewekwa kidogo kidogo tangu Januari, na baba alikuwa ameshaamua ni baiskeli ya aina gani: ya milimani, yenye magurudumu ya inchi 29, yale makubwa ambayo siku hizi yametanda madukani. Hoja yake ni ile ile ambayo wazazi wengi huitumia wakinunua viatu na sweta za shule: "Nunua kubwa, atakua nayo."

Mama hakubishana sana. Alisema tu kwamba kiatu kikimpwaya mtoto, unaweza kukijaza karatasi kwa mbele. Baiskeli utaijaza nini?

Ndipo wakakubaliana kwamba kabla ya kutoa pesa, waende mahali ambapo mtu anaweza kukodi baiskeli za saizi mbalimbali kwa siku nzima, akazipanda kwenye vumbi na mawe halisi, wala si kwenye sakafu laini ya duka. Wakachagua Hell's Gate, kilomita zipatazo 90 kutoka Nairobi.

Mbuga ya kuingia bila gari

Hell's Gate ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1984. Si kubwa, kwa kuwa eneo lake ni kilomita mraba 68 hivi, lakini ina kitu ambacho mbuga nyingi za Kenya hazina: mgeni anaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli, bila gari na bila kusindikizwa. Ndani kuna pundamilia, twiga, ngiri, kongoni na swala. Nyati pia wapo, na hao ndio wa kuchungwa zaidi.

Lango kuu linaitwa Elsa, kwa jina la yule simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, mwandishi aliyewahi kuishi papa hapa kando ya Ziwa Naivasha. Ukishapita lango, barabara ya vumbi inaingia kati ya kuta mbili za miamba mekundu, na mgeni anaelewa mara moja kwa nini wachoraji wa filamu ya The Lion King ya mwaka wa 1994 walikuja kupatazama.

Yote hayo familia ilikuwa imeyasoma kwenye simu wakiwa njiani. Kiingilio walikuwa wamelipa mapema kupitia eCitizen. Kilichobaki ni baiskeli.

"Huyu ndiye wa kupanda 29?" fundi aliuliza, akimwangalia mvulana kuanzia viatu hadi kofia.

"Ndiye," baba akajibu. "Anakua haraka."

"Sawa, mzee," fundi akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hakuja kazini kubishana na mteja wa kwanza.

Akatoa baiskeli nne. Baba alipewa ya inchi 29 yenye fremu ndefu. Mvulana akapewa ya inchi 29 yenye fremu fupi kuliko zote za saizi hiyo, kiti kikateremshwa mpaka mwisho. Binti alichagua mwenyewe ya inchi 27.5, kwa sababu ya rangi. Mama, ambaye alisema amekuja kuwasindikiza tu, alichukua ya inchi 26 iliyochakaa kidogo. Hakuwa amepanda baiskeli tangu akiwa msichana.

Kila mmoja alifungwa helmeti. Ya mvulana ilicheza kichwani, fundi akaibadilisha. Hapo baba hakusema kwamba atakua nayo.

Namba hizo ni za nini?

Inchi 26, 27.5 na 29 ni upana wa gurudumu zima kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, tairi likiwa limejazwa upepo. Ni kipimo cha kukadiria, kwa kuwa tairi nene na jembamba hayawezi kulingana. Kipimo cha uhakika kimeandikwa ubavuni mwa tairi kwa milimita, na ndicho kinachohesabu rimu: 559 kwa inchi 26, 584 kwa inchi 27.5 na 622 kwa inchi 29. Mzazi anayenunua tairi au tyubu ya kubadilisha aangalie namba hiyo ya milimita ili asiuziwe isiyoingia.

Gurudumu kubwa lina faida gani? Fundi alieleza kwa kutumia jiwe la ukubwa wa ngumi. Aliliweka chini, akalisogezea kwanza gurudumu dogo, kisha kubwa. Dogo liligonga jiwe kwa ubavu, kama mtu aliyejikwaa. Kubwa liliguswa chini zaidi, likapanda juu ya jiwe bila kelele. Kwenye shimo mambo ni hayo hayo. Gurudumu dogo linazama, kubwa linavuka juu kwa kuwa linagusa kingo zote mbili mapema.

Tena linakwenda mbali kwa kila mzunguko. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja husafiri karibu mita 2.07, na la inchi 29 karibu mita 2.3. Katika kilomita moja, dogo litazunguka mara 480 na kitu, na kubwa mara 430 na kitu. Na likishashika mwendo halitaki kusimama.

Lakini bei yake ipo. Gurudumu kubwa ni zito zaidi, hivyo kuliondoa kutoka kusimama kunataka nguvu. Kwenye kona kali linageuka taratibu. Na kwa kuwa kila kitu kimeinuliwa, fremu nayo inakuwa ndefu na ya juu.

Hata huko baiskeli za milimani zilikoanzia, saizi ya inchi 26 haikuchaguliwa kwa hesabu. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, jimbo la California nchini Marekani, walikuwa wakiteremka milima kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene, na baiskeli hizo zilikuwa za inchi 26. Kiwanda kikafuata, na saizi ikabaki hiyo kwa miaka mingi. Zile za inchi 29 zilianza kuuzwa kwa wingi kiasi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wengi walizicheka. Kicheko kilipungua mwaka wa 2012, wakati Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech aliposhinda dhahabu ya Olimpiki jijini London akiwa juu ya baiskeli ya inchi 29.

Baba alisikiliza hayo yote akitikisa kichwa kukubali. Kwake yeye gurudumu kubwa halikuwa jambo geni. Alikulia Busia, mji wa mpakani ambako biashara ya boda boda ilianzia kwa baiskeli kabla pikipiki hazijaja. Babake alikuwa na Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma yenye kerea nyuma, na magurudumu yake yalikuwa ya inchi 28. Rimu ya Black Mamba ni milimita 635, yaani inaishinda hata hii ya kisasa ya 29. Wazee walikuwa wameshajua kwamba njia mbovu inataka gurudumu kubwa.

"Mimi nilijifunzia hiyo nikiwa na miaka minane," baba alimwambia fundi. "Mguu unaupenyeza chini ya paipu, unakanyaga ukiwa umejipinda ubavu. Hakuna aliyeninunulia ya saizi yangu."

Mama alimwangalia mguuni, mahali palipo na kovu la urefu wa kidole, lakini hakusema kitu.

Vumbi la volkeno

Kutoka njia panda hadi langoni ni mwendo mfupi wa kupanda. Muda si mrefu baada ya lango umesimama mnara wa mwamba wenye urefu wa mita 25 hivi, unaoitwa Fischer's Tower kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka wa 1883. Ni uji wa volkeno uliosukumwa juu kupitia ufa, ukagandia hapo. Chini yake pimbi walikuwa wakiota jua, na binti akawapiga picha nyingi kuliko alizompiga nduguye.

Mvulana hakushuka kuwatazama pimbi. Alizunguka mnara mara mbili akiwa juu ya baiskeli, kisha akaendelea na njia. Kwa mbali alionekana amependeza. Kwa karibu, mama aliona kwamba nyonga zake zilikuwa zinayumba kushoto na kulia kila alipokanyaga pedali, kwa sababu mguu ulifika mwisho kabla pedali haijafika chini.

"Uko sawa?" akamuuliza.

"Niko sawa, Mama."

Njia ya Hell's Gate ni mwalimu mzuri wa baiskeli. Sehemu nyingine ni changarawe inayotikisa mikono mpaka viganja vinawasha. Sehemu nyingine ni jivu la volkeno, vumbi laini kama unga wa ngano, ambamo tairi linazama na usukani unageuka wenyewe. Hapo baba alikuwa mfalme. Gurudumu lake la inchi 29 na tairi lake nene vilipita juu ya changarawe kama vinateleza, naye akawa anawaita wengine kwa mkono. Binti na baiskeli yake ya 27.5 alimfuata bila shida. Mama alikuwa nyuma kabisa, akihesabu kila jiwe kwa mgongo wake.

Walikuwa wamekwenda kama kilomita tatu hivi pundamilia walipotokea upande wa kulia. Walikuwa kumi au zaidi, mmoja nyuma ya mwingine, wakielekea kuvuka barabara bila haraka yoyote. Kanuni ya mbugani inajulikana: mnyama akivuka, mwenye baiskeli anasimama, ananyamaza, anamngoja apite. Baba akafunga breki, akateremsha mguu. Binti vilevile.

Mvulana naye akafunga breki. Baiskeli ilisimama vizuri kabisa. Mguu wake wa kushoto ukatoka kwenye pedali, ukatafuta ardhi, na haukuipata. Kwa nukta moja alikuwa amesimama hewani, mikono imeshika usukani kwa nguvu. Kisha baiskeli ikamlalia upande wa kushoto, polepole, na yeye chini yake.

Pundamilia walikimbia. Vumbi lilipotulia mvulana alikuwa ameketi chini, kiganja kimechunika na goti linatoka damu. Helmeti ilikuwa imegonga changarawe, na ubavuni mwake palikuwa na mikwaruzo myeupe. Hakulia.

Baba alipiga goti kando yake na chupa ya maji. Aliosha kiganja, akaosha goti, akapuliza.

"Mbona hukusema haikufai?" akauliza.

Mvulana aliitazama baiskeli, hakumtazama babake. "Ungesema sijakua."

Baba alimwaga maji gotini mara ya pili, ingawa lilikuwa limeshasafika.

Mama anabadilisha

Hakuna aliyesema lolote kwa muda. Kisha mama akaweka baiskeli yake ya inchi 26 mbele ya mvulana, akafungua kishikizo cha kiti, akakiteremsha mpaka chini.

"Keti," akasema.

Akaketi. Ncha za viatu vyake vyote viwili ziligusa ardhi. Akasogea mbele, akasimama akiwa ameitanua miguu juu ya paipu, na nyayo zote zikalala chini, nafasi ikabaki kati yake na paipu. Akajaribu breki, na vidole vikafika bila kujinyoosha. Alizunguka mara moja, kisha ya pili, akasimama mwenyewe, akaondoka mwenyewe.

Ikabaki ile ya 29 imelala kando ya njia. Mama aliiinua, akapangusa vumbi, akapandisha kiti mpaka kikawa sawa na nyonga yake.

"Utaiweza?" baba akamuuliza.

"Baba watoto, wewe tangulia."

Kwao, wakati akikua, baiskeli ilikuwa ya kaka zake. Yeye alijifunza kwa kuichukua mchana wakiwa wamelala, akairudisha na kufuta alama za matairi uani kwa ufagio. Alipoolewa na kuhamia mjini hakupata sababu ya kupanda tena. Mita za kwanza mia usukani ulimtikisika na binti akaogopa kwa niaba yake. Baada ya hapo njia ikanyooka, na mwili wake ukakumbuka.

Alichokigundua mama ni kwamba mawe aliyokuwa akiyahesabu asubuhi hayakuwa yamepungua, ila hayakumfikia tena mgongoni kwa nguvu ile. Ile baiskeli iliyomshinda mwanawe ilimkaa yeye kama imepimwa kwake. Kimo chake ni futi tano na inchi tano, na fremu hiyo fupi ya 29 ni ya watu wa kimo kama hicho. Tatizo la asubuhi halikuwa inchi 29. Tatizo lilikuwa nani aliyepewa.

Mvulana naye, aliyekuwa kimya tangu langoni, alianza kuongea. Aliwahesabu ngiri. Aliuliza kwa nini twiga hawaogopi baiskeli kama wanavyoogopa mtu anayetembea. Alisimama kila alipotaka kusimama, na huenda hilo ndilo lililomfurahisha zaidi.

Walifika mwisho wa barabara, kilomita nane hivi kutoka langoni, karibu na mnara wa pili unaoitwa Central Tower. Kutoka hapo wageni huacha baiskeli na kuteremka kwa miguu kwenye korongo pamoja na mwongozaji. Ni mahali pa kupendeza, penye kuta nyembamba na maji ya moto yanayotiririka kwenye mwamba, kwa kuwa chini ya ardhi hii kuna joto lile lile linalozalisha umeme pale jirani Olkaria tangu mwaka wa 1981. Lakini ni mahali pa kuheshimiwa. Mafuriko ya ghafla yaliua wageni humo mwaka wa 2012 na tena mwaka wa 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu kwako kukiwa jua, na maji yakashuka kwa dakika chache. Mzazi aulize askari wa mbuga kama korongo limefunguliwa, na akiona wingu zito upande wowote, asiteremke na watoto.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mlima Longonot, na goti la mvulana lilikuwa limekakamaa. Hawakuteremka. Walikula mkate na mayai wakiwa wamekaa juu ya mwamba, wakilinda ndizi zao dhidi ya nyani mmoja aliyejifanya anatazama pengine.

Kurudi ni kupanda

Wageni wengi huingia Hell's Gate wakifurahia jinsi baiskeli inavyokwenda yenyewe, bila kutambua kwamba njia inateremka kidogo kidogo. Deni hulipwa wakati wa kurudi, jua likiwa utosini.

Hapo tofauti za magurudumu zilijitokeza upya. Kwenye mteremko mrefu wa kupanda taratibu, mama aliyeshika mwendo wake alitangulia mpaka akawa nukta nyekundu mbele. Lakini aliposimama kwenye jivu laini kunywa maji, kuondoka tena kulimshinda. Gurudumu kubwa na zito lilikataa kuanza, akalazimika kulisukuma mpaka penye udongo mgumu. Mvulana kwenye baiskeli yake ndogo alifika hapo hapo, akasimama, akaondoka, akampita akicheka. Binti alikuwa kati kati, kama saizi ya magurudumu yake.

Baba alikuwa wa mwisho. Kilomita ya mwisho aliitembea, mkono mmoja kwenye usukani, akidai kwamba anataka kuwaona pimbi vizuri.

Mambo ya kupima kabla ya kutoa pesa

Fundi alipokea baiskeli, akaona goti, akaona nani ameshuka kutoka ipi, wala hakuuliza. Badala yake alimwonyesha baba jinsi ya kupima baiskeli ya mtoto bila kutumia umri wala maneno ya muuzaji.

Kwanza, mtoto asimame akiwa ameitanua miguu juu ya paipu ya fremu, viatu vyote viwili vikiwa vimekanyaga chini. Pabaki nafasi ya vidole vitatu au vinne kati yake na paipu. Isipobaki, baiskeli hiyo ni kubwa, hata kama kiti kinashuka.

Pili, aketi kwenye kiti. Mtoto ambaye bado anajizoesha aweze kugusa ardhi kwa ncha za viatu vyote viwili. Akishazoea, kiti kipandishwe kidogo kidogo ili mguu unyooke vizuri pedali ikiwa chini, goti likiwa limekunjwa kidogo tu. Nyonga zikiyumba, kiti kiko juu mno.

Tatu, ashike usukani na afinye breki kwa vidole viwili. Asipofikia, mkono wa breki una skrubu ndogo ya kuusogeza karibu. Baadaye aijaribu breki akiwa anakwenda polepole, ajue ipi ni ya mbele na ipi ya nyuma, kwa kuwa baiskeli hazifanani. Breki ya mbele ikifinywa ghafla kwenye mteremko humrusha mtu.

Nne, tairi nene lisijazwe upepo mpaka liwe gumu kama jiwe. Kwenye jivu na changarawe, upepo ukipungua kidogo, bila kushuka chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni, tairi linashika ardhi vizuri na mikono haitikisiki sana.

Kuhusu saizi, kwa kawaida gurudumu la inchi 20 huwafaa watoto wa kati ya miaka sita na tisa, na la inchi 24 wale wa kati ya minane na kumi na moja. Wakipita hapo huanza kuingia kwenye inchi 26 yenye fremu fupi. Lakini watoto wa darasa moja hawalingani kimo, kwa hiyo miguu ya mtoto ndiyo ya kuamua. Baiskeli ya inchi 29 ingoje mpaka apite kile kipimo cha kusimama juu ya paipu. Nayo isiyomtosha tena inauzika, au inarithiwa na mdogo wake au binamu.

Kwa anayepanga kwenda Hell's Gate, baiskeli hukodishwa njia panda na pia karibu na lango. Afike mapema apate za watoto, kwa sababu ni chache. Kabla ya kulipa azungushe magurudumu yote mawili, afinye breki, ajaribu gia. Achukue maji zaidi ya anayodhani yanatosha, plasta na dawa ya kidonda. Akiwa na watoto abaki kwenye barabara kuu, asiingie njia za pembeni zenye vichaka ambako nyati hupumzika.

Bei ya nyingine

Matatu ya kurudi mjini ilichelewa, na watu wanne wakaketi kwenye benchi la fundi, wamepakwa vumbi jeupe mpaka kope. Mvulana alikuwa anaeleza jinsi alivyoanguka, na tayari katika hadithi yake pundamilia walikuwa wamefika thelathini.

"Hiyo ya inchi 26, yenye fremu fupi," baba akamwambia fundi. "Mpya inapatikana wapi?"

Fundi alimtajia duka mjini Naivasha, na bei ya kukadiria. Ilikuwa chini ya pesa alizokuwa ameweka kwa ajili ya ile kubwa. Baba alitoa simu, akapiga hesabu, akairudisha mfukoni. Kisha akamshika mvulana bega.

"Mwaka huu hiyo," akasema. "Ukiikua, utaniambia mwenyewe. Utaniambia?"

"Nitakwambia."

Mama alikuwa amesimama kando, akipangusa kiti cha ile ya inchi 29 kwa kona ya leso, ingawa haikuwa yake na fundi alikuwa na kitambaa cha kazi hiyo.

"Na hii," akamuuliza fundi kwa sauti ya chini, "iliyotumika, mnauza?"